Rejeta ya Hilux inavuja: kuibadilisha nyumbani bila kuua injini

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo ya dizeli, 2.5, gia za mkono. Nabebea nyanya kutoka Ilula, na nikirudi napakia mbolea. Siku hizi inapunguza maji. Juu ya rejeta upande wa kulia, pale plastiki inapokutana na alumini, panalowa jioni, lakini asubuhi pakavu. Fundi mmoja alipaka gundi ya chuma. Mwingine akaweka manjano ndani, kisha akatoa temostati (ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto) ili maji yapite vizuri. Juzi napandisha mlima Kitonga mshale wa joto ukapanda. Spana ninazo na nafasi nyumbani ipo. Naweza kubadilisha rejeta mwenyewe au nitaharibu? Na mzee wangu ana Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, nayo rejeta inavuja. Tununue mbili?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Unaweza, na ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye spana na subira. Kufungua rejeta ya Vigo hakuna siri: bolti chache, mipira miwili, feni na kava lake. Magari ninayoletewa yakiwa yamekufa injini baada ya kubadilishiwa rejeta hayakufia kwenye kufungua. Yamefia kwenye kujaza. Hewa ilibaki ndani, temostati haikurudishwa, yakawekwa maji ya kisima, na mwenye gari akapakia mzigo siku hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye bolti nitapita haraka, na kwenye maji nitakaa sana.

Ila kabla ya yote, acha kupakia. Usiteremshe tena nyanya na gari hilo mpaka limalizike. Kwa maelezo yako uvujaji uko kwenye mshono wa tangi la juu. Rejeta za siku hizi zina wavu wa alumini katikati na matangi ya plastiki, na vinaunganishwa kwa meno ya alumini yaliyokunjwa juu ya ukingo wa plastiki, katikati kukiwa na mpira mwembamba wa kuziba. Mpira ule ukizeeka unakuwa mgumu, na plastiki inayopashwa moto na kupoa kila siku kwa miaka inapinda au kupata ufa mwembamba kama unywele. Injini ikiwa baridi mgandamizo haupo, mshono unakaa pakavu. Ikipata moto mgandamizo unapanda na maji yanatokea. Ndiyo maana asubuhi huoni kitu.

Gundi ya chuma haiwezi kushika hapo kwa muda, maana plastiki na alumini havitanuki kwa kiasi kimoja. Manjano nayo huvimba na kuziba tundu dogo la wavu, hilo ni kweli, na dereva aliyekwama porini simlaumu. Lakini mshono si tundu. Unga ule haukuziba chochote kwako. Umeenda kutulia kwenye mirija myembamba ya rejeta na kwenye kirejeta kidogo cha hita ndani ya dashibodi, na itabidi tuutoe.

Angalia kifuniko cha rejeta. Kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ndicho kiwango cha mgandamizo ambacho kifuniko hushikilia kabla hakijaachia maji yaende kwenye chupa ya akiba, na mgandamizo huo ndio unaozuia maji yasichemke. Maji matupu yakiwa wazi Iringa mjini, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayasubiri 100. Yakifungiwa chini ya kifuniko kizima cha 1.1 hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Rejeta yako inavuja, kwa hiyo ulinzi huo umeupoteza. Kwenye tambarare ya Ruaha Mbuyuni upepo unapita vizuri na injini haijakamuliwa, huoni shida. Ukianza kupandisha Kitonga na mbolea nyuma, mwendo mdogo, injini inafanya kazi yote na upepo ni wa feni tu, maji yanachemka humo humo ndani. Mvuke haupoozi silinda hedi kama maji yanavyopooza. Injini yako, hiyo 2KD, ina bloku ya chuma cha kalibu na silinda hedi ya alumini, na alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikichemka sana hedi inapinda, gasketi inaungua, na hapo huzungumzii tena bei ya rejeta.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha hedi bado iko salama, maana mshale umeshapanda mara moja. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji mpaka shingoni, kisha mtu awashe gari wewe ukitazama. Mapovu machache mwanzoni ni ya kawaida. Mapovu yanayokuja mfululizo bila kuisha, au maji yanayorushwa nje injini ikiwa bado baridi, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Kwa kuwa temostati yako imetolewa utaona maji yanatembea shingoni tangu mwanzo. Hayo yasikutishe, wewe tafuta mapovu. Zima, funga kifuniko, washa tena na ushike mpira wa juu: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja wakati bado ni wa baridi, hiyo si rejeta. Chomoa kijiti cha oili na utazame ndani ya kifuniko cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, simama, tafuta fundi wa injini, rejeta isubiri. Na tazama chini ya wota pampu: kuna kitundu kidogo cha kutolea maji sili yake ikichoka. Kikiwa kimelowa au kina ukoko wa rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), pampu nayo inaomba kubadilishwa, na ni afadhali ifanyike wakati rejeta iko nje kwa sababu nafasi ni kubwa.

Kama hayo yote ni mazuri, nenda ukanunue.

Dukani usiseme "rejeta ya Vigo" ukanyamaza. Vigo zimetoka na injini za petroli na za dizeli, gia za mkono na otomatiki, na rejeta zake hazifanani. Nenda na namba ya chesisi na msimbo wa injini kutoka kwenye bati lililo chini ya boneti, na kama gari linaweza kupumzika, fungua ya zamani kwanza uende nayo mkononi. Ya otomatiki ina paipu mbili ndogo kwenye tangi la chini kwa ajili ya kupoza mafuta ya gia boksi. Wewe huzihitaji.

Kitu kinachowaponza wengi ni unene wa wavu. Utakuta rejeta mbili zenye matundu ya bolti yaleyale na shingo zilezile, moja ina wavu wa milimita 16 na nyingine 26. Zote zitaingia. Ile nyembamba ni ya bei rahisi, na kwa mtu anayezunguka mjini huenda ikamtosha, lakini wewe unapandisha Kitonga na mzigo. Pima ya zamani kwa rula, usikubali iliyo nyembamba kuliko hiyo. Mtumba sikushauri hata kidogo kwa rejeta yenye matangi ya plastiki. Unanunua plastiki iliyokwisha kuungua miaka kadhaa kwenye gari la mtu mwingine, na hakuna atakayekupimia. Gia boksi mtumba sawa, difu mtumba sawa, hii hapana.

Pamoja na rejeta chukua kifuniko kipya chenye namba ileile ya zamani, temostati mpya na gasketi yake, mpira wa juu na wa chini kama ya kwako imevimba karibu na klipu au inatoa mlio wa kupasuka ukiiminya, na kulanti. Usiongeze namba ya kifuniko kwa kudhani unaongeza usalama. Utaenda kupasua kirejeta cha hita.

Kuhusu kulanti, rangi si kipimo. Kila kiwanda kinaweka rangi kinayotaka. Soma maandishi: tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa magari ya Kijapani na haina silikati. Ya Toyota yenyewe nyekundu ni ya kuchanganya na maji, nusu kwa nusu. Ya pinki inakuja imeshachanganywa, ukiiongezea maji unaiharibu. Nunua ya kutosha mfumo mzima. Kwa injini ya ukubwa huu andaa karibu lita 10 za mchanganyiko, na kipimo halisi kipo kwenye kitabu cha gari.

Najua wengi watasema baridi ya kugandisha maji hatuna, kulanti ya nini. Mtu wa Makete hatasema hivyo, maana huko Juni na Julai umande unaganda kweli. Lakini hata Dar es Salaam, kazi kubwa ya kulanti ni kuzuia kutu na kuzuia chumvi isile alumini, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yana chumvi inayobaki ndani kila maji yanapopungua na kuongezwa. Fungua rejeta iliyoishi kwa maji ya kisima uone: mirija imefunikwa ukoko mweupe, vidole haviwezi kuubandua. Kama unachanganya mwenyewe, tumia maji yaliyotolewa chumvi. Yale yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa, ila soma chupa vizuri. Kuna chupa zinazofanana ambazo ndani ni asidi. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora mara nyingi kuliko ya bomba au kisima.

Sasa kufungua. Gari lilale, lipoe usiku kucha. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto kwa sababu yoyote. Mvuke ule unaunguza uso na macho kabla hujaondoa mkono. Egesha pahali pa usawa, gia ndani, vizuizi kwenye tairi. Kama unanyanyua, weka stendi. Jeki peke yake si ya kuingia chini yake. Toa kava la chini ya injini.

Weka beseni, legeza koki ya plastiki iliyo chini ya rejeta kwa mkono, kisha ndipo ufungue kifuniko cha juu ili maji yatoke vizuri. Maji haya yana sumu na yana utamu. Mbwa, mbuzi na watoto huyanywa, na kiasi kidogo kinaua figo. Yatie kwenye dumu lililoandikwa, lenye kifuniko, mbali na watoto, na usiyamwage mtaroni wala shambani. Chupa za soda usitumie kabisa.

Toa paipu ndogo ya kwenda chupa ya akiba, kisha mpira wa juu. Mpira ulioganda usiuvute kwa nguvu: uzungushe kwanza uachie, ukikataa ukate, mpira ni rahisi. Feni ya gari lako imefungwa kwenye puli ya wota pampu kwa nati nne, katikati ikiwa na klachi yake ya mafuta. Zilegeze nati hizo wakati mkanda bado umekaza, maana mkanda ndio unaozuia puli isizunguke nawe. Fungua bolti za kava la feni, kisha toa nati, na inua feni pamoja na kava. Feni iweke imesimama kama inavyokaa kwenye gari. Ukiilaza, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yanaweza kuvuja.

Kabla hujaiweka pembeni, ikumbuke hii klachi kwa baadaye. Injini ikiwa na moto na imezimwa, feni ukiizungusha kwa mkono inatakiwa ikupe uzito. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama ya baiskeli, imekufa, na rejeta mpya haitakusaidia kwenye mlima.

Toa mpira wa chini, fungua bolti za mabano pande zote mbili, inua rejeta wima. Mbele yake kuna kondensa ya AC. Weka kipande cha boksi kati yake na rejeta kabla hujainua, kwa sababu kona ya rejeta ikikwaruza nyavu za kondensa unapata kazi nyingine. Paipu za AC usiziguse. Gesi yake iko chini ya mgandamizo mkubwa.

Rejeta ikishatoka, tazama uso wa nyuma wa kondensa. Gari la barabara ya vumbi linakusanya hapo zulia la mavumbi, nyasi, panzi na mbegu, na kutoka mbele huwezi kuliona. Nimekuta magari ambayo rejeta ilikuwa nzima, kilichokuwa kinachemsha ni zulia hilo tu. Safisha kwa maji ya mpira wa bustani, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, maji ya nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari inalaza nyavu.

Weka rejeta mpya kando ya ya zamani zikiwa zimelala. Linganisha shingo mbili, matundu ya bolti, urefu, unene, mdomo wa kifuniko na koki. Hamisha mipira ya miguu ya chini. Watu wanaisahau, rejeta inakaa chuma kwa chuma, na mtikisiko wa barabara unaipasua ndani ya miezi michache. Hakikisha koki mpya ina oringi na imekazwa kwa vidole tu.

Kabla ya kuirudisha, safisha yaliyobaki ndani ya injini. Kwa wengine ningesema suuza mara moja. Kwako wewe, manjano yako humo. Peleka maji safi kupitia mdomo wa mpira wa juu yatokee chini, kisha kinyume chake, hita ikiwa imewekwa kwenye moto, mpaka yanayotoka hayana rangi wala punje. Kisha chomoa mipira miwili ya hita na usuuze kirejeta chake peke yake kwa maji ya nguvu ndogo. Ukiacha unga humo, utaziba rejeta mpya uliyoinunua kwa jasho lako.

Sasa temostati, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana tabia hii ya kuitoa imeua injini nyingi nchini kwetu. Hoja ya fundi wako ni kwamba bila temostati maji yanapita kwa wingi. Temostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikipata moto, temostati inapofungua njia ya rejeta, kisahani kile kinafunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka injini tu, haiendi kupoozwa. Kwenye tambarare hutaona. Mlimani na mzigo, utaona. Zaidi ya hapo, injini ya dizeli inayokimbia baridi inakula mafuta na kusaga silinda.

Temostati mpya ipime kabla ya kuifunga. Iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, iwe inaning'inia kwa uzi isiguse chini. Nyingi za Toyota zimepigwa chapa ya nyuzi karibu 82; itaanza kufunguka mapema kabla maji hayajachemka, na ikipoa itafunga yenyewe. Isiyofunguka irudishe dukani. Kwenye bamba lake kuna kivalvu kidogo kinachotikisika. Kikae juu unapoifunga, kwa sababu hapo ndipo hewa inapopenya wakati wa kujaza.

Rudisha kila kitu kinyume cha ulivyotoa. Klipu za chemchemi za asili zirudishe palepale zilipokuwa. Ukitumia klipu za kukaza kwa bisibisi, kaza mpaka mpira ushike na uishie hapo. Shingo ya plastiki ikipasuka kwa kukazwa hakuna wa kukurudishia pesa. Zungusha feni kwa mkono uone haigusi kava popote.

Tufike kwenye kujaza. Nyanyua pua ya gari: egesha kwenye mwinuko au panda mbele juu ya vipande vya mbao, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko injini, hewa ipande itoke. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Kata chupa ya maji ya lita 1.5 uifanye faneli inayobana kwenye mdomo. Mimina polepole, kama lita moja kisha unasubiri. Minya mpira wa juu na wa chini kwa mikono mara kwa mara. Utasikia hewa inagugumia na kiwango kinashuka. Endelea mpaka hakishuki tena. Hesabu lita zilizoingia. Kama kitabu kinasema 10 na zimeingia 7, tatu zilizobaki ni hewa, na hewa hiyo itakaa juu, kwenye silinda hedi, mahali penye moto kuliko pote.

Washa injini kifuniko kikiwa wazi na faneli ikiwa na kulanti. Iache silensa, bila kukanyaga mafuta. Mapovu yatatoka, ongeza. Ukiona inapanda na kutaka kumwagika, funga kifuniko na uendelee hivyo kikiwa kimefungwa, mguu ukishikilia mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika chache. Unasubiri vitu viwili. Cha kwanza, mipira yote miwili, wa juu na wa chini, ishike moto, ishara kwamba temostati imefunguka na maji yanapita kwenye rejeta. Cha pili, hita itoe upepo wa moto kweli. Mshale ukipanda huku hita inatoa upepo wa baridi, kuna hewa imekwama: zima, subiri ipoe kabisa, anza tena kuongeza. Usiulazimishe.

Jaza chupa ya akiba kati ya alama mbili. Acha gari lipoe usiku, asubuhi fungua kifuniko utazame. Karibu kila mara kiwango kinakuwa kimeshuka, ongeza. Siku ya kwanza zunguka Ilula na Iringa bila mzigo, na asubuhi yake, gari likiwa limepoa, urudie kutazama. Kiwango kikikaa palepale asubuhi mbili mfululizo na mishono ikabaki mikavu, pakia nusu mzigo kwanza.

Usiutegemee sana mshale. Kwenye Toyota nyingi geji imetengenezwa ikae katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa, kwa hiyo mshale ukivuka katikati ujue joto limeshapita mbali. Na maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Ukiuona unasogea ukiwa Kitonga, zima AC, fungua hita na vioo, shuka gia ili pampu na feni vizunguke kwa kasi, na tafuta pa kusimama. Kama maji bado yapo, iache silensa dakika chache kabla ya kuzima. Kama yamemwagika, zima hapohapo. Usimwage maji baridi juu ya injini wala kufungua kifuniko. Kaa chini ya mti, subiri.

Kuhusu Hilux ya mzee, jibu ni tofauti. Ile ya 3L, cc 2,779, kama bado ina rejeta yake ya asili, mara nyingi ni ya shaba yenye matangi ya bati la shaba yaliyopakwa rangi nyeusi. Hiyo hutengenezwa. Ipeleke kwa fundi rejeta anayelehemu kwa risasi, afungue matangi, apitishe fito kwenye mirija kutoa ukoko, azibe na aipime kwenye pipa la maji kwa upepo mbele yenu. Ikiwa wavu umeoza, anaweza kuweka wavu mpya kwenye matangi yaleyale. Mwambie mzee asikubali kubadilishana na fundi rejeta yake kwa mpya ya plastiki. Shaba ile ina thamani, na wapo wanaoijua kuliko mwenye gari. Ikirudi, ijazwe kwa utaratibu huuhuu, na temostati yake iwepo.